Aliyekuwa Kwenye Usukani

Mwanamke wa bima hakutaka kuliona gari.

Mshonaji alikuwa ameliosha tangu asubuhi, akaing'arisha hata ile taa mpya ya mbele, maana mawakala wengine wote walianzia hapo: wanazunguka, wanainama, wanapiga picha. Huyu alilipita kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua, akavua viatu mlangoni, akaingia.

"Gari halikimbii, dada," alisema. "Mimi huanza na mtu."

Mshonaji akaona huyu ana utu. Baada ya ile ajali, kampuni yake ya zamani ilimalizana na familia ya marehemu kupitia mawakili, yeye hata sura zao hakuziona. Ikalipa fidia, kisha ikamwambia kwa adabu kwamba bima yake ikiisha asirudi. Ofisi nyingine zote zilimuuliza kama amewahi kugonga mtu, na akishajibu tu, kalamu zinawekwa mezani. Bima ilikuwa inaisha kesho. Mumewe alikuwa amelala chumba cha pili, figo zimechoka, na bila gari hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitali kusafishwa damu.

Ndipo mwanamke huyu akapiga simu mwenyewe. Alisikia, alisema, kwamba kuna mama anahangaika.

"Nani huyo?" mume akaita kutoka chumbani.

"Mtu wa bima!"

"Muulize kama wanakatia na magari yasiyowaka, niingie na mimi!"

Mgeni akatabasamu. Akaenda mpaka kitandani, akasema, "Pole, shemeji," akamwinulia mto uliokuwa umeteleza. Mshonaji aliyaona hayo akageuka kufuta macho. Siku hizi wageni walimpa mumewe pole wakiwa mlangoni.

Wakakaa kando ya cherehani. Chai ikamiminwa. Mgeni hakuigusa.

"Nieleze siku ile."

Mshonaji akaeleza kama alivyowaeleza polisi. Mvua. Ile kona hapo chini. Kijana wa baiskeli akatokea ghafla. Polisi waliandika kuwa ni bahati mbaya, wakampa pole.

"Watu wa pale konani wanasema gari lilikuja kama mshale."

"Watu hawakosi la kusema."

"Na wewe huendesha kama mshale?"

Mshonaji akacheka bila kupenda. "Mimi? Kuku wananipita! Mtaa mzima unaniita Mama Polepole."

"Nimesikia," mgeni akasema. Yeye hakucheka.

Simu ikaita. Alikuwa mwanawe, anahema kama mtu anayetembea haraka. "Mama, baba ameniambia kuna mtu wa bima hapo. Usimwambie kitu. Niko njiani."

Mshonaji akakata simu, akailaza kifudifudi juu ya kitambaa.

"Mwanao?"

"Wa pekee. Wewe unao?"

"Mmoja tu, kama wewe."

"Anakaa na wewe?"

"Hayuko mbali na hapa."

Mgeni akasogeza kiti. Sauti yake ilikuwa laini, kama ya muuguzi anayetafuta mshipa.

"Dada, nisikufiche. Dereva aliyeua mtu hakuna kampuni itakayompokea. Lakini kama siku ile dereva hakuwa wewe, hilo ni jambo jingine. Jina lako linabaki safi, na bima unapata. Wale wa zamani hawatajua. Sisi na wao ni wauza nyanya wa soko moja, nani atampelekea mwenzake mteja?"

Chumbani mumewe alikohoa, kikohozi kirefu kisichotaka kwisha. Siri ile ilikuwa imemkaa mshonaji kooni kama mwiba wa samaki, haimezeki, haitemeki. Na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa upole.

"Nilikuwa jikoni," akasema mwishowe. "Nikasikia kishindo. Nikatoka mbio, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Nikamkuta mwanangu kwenye usukani, analia, ananuka pombe. Nikamtoa, nikamwambia kimbia nyumbani, usigeuke nyuma. Nikakaa mimi." Akashika mkono wa mgeni. "Ameacha chupa, dada. Amepata kazi, ana mchumba. Wakijua, atafungwa. Mimi ni mzee, na mzee ni rahisi kuonewa huruma."

Mgeni hakuutoa mkono wake.

"Na yule wa baiskeli?"

"Nilimwendea kabla polisi hawajafika. Nikapiga magoti kwenye maji, nikamshika. Alikuwa anamwita mama yake."

"Ukafanya nini?"

"Nikaitika."

Mgeni akafumba macho. Mshonaji akadhani amepatwa na kizunguzungu.

"Uliitika," akasema.

"Ningefanyaje? Aliita tena, nikaitika tena. Mpaka akanyamaza."

"Mungu akulipe, dada."

Nje, geti likalia. Hatua za haraka zikavuka ua, zikapita kando ya gari, zikasimama mbele ya mlango.

"Hodi! Mama, nimefika!"

Mgeni akasimama. Akaibusu mikono ya mshonaji, mmoja kisha wa pili, akaiweka polepole mapajani pake.

"Bima sijawahi kuuza, dada," akasema, macho yake yakiwa mlangoni. "Wewe nilikusamehe siku ileile niliyomzika mwanangu. Huyu anayebisha hodi, bado."