Ulimi wa Kuazima

Dada mtu alisimama jikoni, aproni kiunoni, akimsikiliza mtu mwingine akiwa yeye.

Mtu huyo alikuwa mdogo wake. Alikaa sebuleni na mgeni, kavaa blauzi ya dada yake, anatumia jina la dada yake, na Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mgeni akacheka. Dada mtu akapanga vikombe kwenye sinia. Alikuwa amechoka, uchovu ule usioondoka kwa kulala.

Kwa miaka mingi aliiandikia kampuni moja ya ng'ambo ya mpaka vitabu vya maelekezo ya pampu za maji. Kiingereza chake kilinyooka, hakina doa. Bosi wake naye alikuwa fundi wa maandishi. Barua pepe zake zilikuwa ndefu, za adabu, kila wazo limekaa mahali pake. Hakuwahi kupiga simu hata siku moja, na kwa hilo dada mtu alimshukuru Mungu.

Maana kusema hakuwezi. Kiingereza alikipata vitabuni, na cha vitabuni kina subira: unafuta, unapanga upya, hakikununii. Cha mdomoni hakimngoji mtu. Watu wanakata maneno, wanameza mikia yake, wanaanza sentensi na kuitupa njiani. Yeye bado anatafuta kitenzi, wenzake wameshaagana. Mdogo wake alikuwa kinyume chake. Alifanya kazi mapokezi ya hoteli, na aliweza kumtuliza mgeni aliyepotelewa na mizigo mpaka akasahau alipoteza nini. Ila umpe kalamu, aya moja ilimtoa jasho. Alipenda kutania kwamba mama yao alikusudia kuzaa mtu mmoja, akajifungua nusu mbili.

Sasa kampuni ilikuwa inapunguza vibarua. Ingebakiza mwandishi mmoja tu, kwa mkataba wa kudumu. Bosi aliandika, kwa maneno yaliyoonekana kumpa taabu, kwamba wakubwa wake wanamtuma aje nyumbani kwake wazungumze ana kwa ana kabla ya kutia saini. Dada mtu aliisoma barua hiyo mara mbili. Nyumba nzima ilikula kwa kazi hiyo. Ndipo akamwomba mdogo wake aje awe yeye, kwa asubuhi moja tu.

Mpango ulikwenda, japo kwa kuchechemea. Mgeni akigusa jambo la pampu, mdogo mtu alikumbuka ghafla kwamba chai haina sukari. Alikuja jikoni, akanong'onezwa jibu, akarudi nalo limeshapambwa. Mgeni mwenyewe hakutulia kitini. Alipoulizwa habari za mshahara na likizo, aliomba radhi akatoka kufuata miwani garini. Alipoulizwa mkataba unaanza lini, akatoka tena kunyoosha miguu.

"Dada, mbona hasemi kama anavyoandika?" mdogo mtu alinong'ona alipofuata maziwa. "Barua zake ulizonisomea zimevaa tai. Huyu ni mcheshi, utadhani tunafanya naye kazi pale mapokezi."

"Nani anasema kama anavyoandika? Rudi, usimwache peke yake."

Kwa dirisha la jikoni dada mtu aliliona gari la mgeni. Liliegeshwa kombo, gurudumu moja juu ya maua yake. Dereva, mtu mwembamba aliyekataa kuingia ndani, alikaa kwenye ngazi za nyuma, mikono magotini. Dada mtu alisema moyoni kwamba safari imemmaliza maskini, akammiminia chai akampelekea.

Dereva alipokea kikombe kwa mikono miwili, akataka kushukuru. Midomo ikafunguka, ikafungika. Paji la uso likaanza kung'aa kwa jasho. Mwishowe likatoka neno moja la Kiingereza, limepindapinda, naye akatazama chini kwa aibu. Dada mtu aliijua aibu hiyo kama anavyoujua uso wake. Kiswahili mwanamume huyo hakukijua, na lugha ya kwao dada mtu hakuijua. Akaketi kando yake.

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya mgeni: amefurahi, hana la kuongeza, mkataba utatiwa saini leo leo. Mdogo mtu akapiga makofi.

Dada mtu hakufurahi. Aliona yanayokuja: mikutano, simu, mdogo wake akiitwa kila mara aje kuwa yeye, na uongo huu kuulea mpaka uzeeni. Alijua pia kwamba dereva ana mdomo, na bosi wake yuko nyuma ya ukuta tu. Akimwambia, mkataba umekwenda na maji. Lakini alikuwa amechoka kupita kiasi cha kuogopa. Akaanza kwa Kiingereza, neno moja moja, kwa sauti ya chini.

"Yule ndani... mdogo wangu." Akajigusa kifua. "Anayeandika... mimi."

Dereva aliganda. Akaweka kikombe chini, chai ikamwagika, akainuka akaushika mlango. Dada mtu akafumba macho. Basi, imekwisha, anakwenda kusema. Akaanza kufikiria atakavyomweleza mdogo wake.

Mlango haukufunguliwa. Alipotazama, mwanamume yule alikuwa amemgeukia, macho yamejaa machozi, midomo ikihangaika kutafuta maneno. Akanyoosha kidole kule kwenye vicheko.

"Yule ndani," akasema, kila neno akilitoa kwa taabu, "dereva wangu."