Winchi ya Daktari wa Ng'ombe

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye magari na wanaotembea kwa miguu, kwamba Jumatatu saa nne asubuhi winchi bora kupata kufungwa mbele ya gari lolote ilikamilika katika gereji ya fundi mmoja mzee. Fundi alibonyeza kitufe cha VUTA. Winchi ikaachia.

Kamba mpya ya nailoni ilimwagika taratibu miguuni pake. Fundi aliitazama. Akabonyeza ACHIA. Kamba ikarudi kwenye ngoma yake bila haraka, kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyoombwa.

Ilikuwa winchi ya daktari wa mifugo, mtu mwenye gari refu la kupanda milima na tabia ya kuzama nalo kwenye tope kila mvua zinapoanza, hadi winchi imvute atoke. Fundi aliihangaikia wiki mbili. Alitoa mota ya zamani akaweka yenye nguvu mara mbili, akasugua gia jino moja moja kwa mswaki na mafuta ya taa, akatupa waya wa chuma uliochanika nyuzi akaweka kamba. Mwisho aliandika vibandiko viwili kwa mkono wake, akavibandika kwenye vitufe vya rimoti. Daktari angekuja Ijumaa.

Ijumaa hiyo ilikuwa na uzito wake. Fundi ana miaka sabini na mbili. Mwezi uliopita alisahau kukaza nati za gurudumu moja, na tangu hapo mpwa wake, anayechomelea vyuma upande wa pili wa gereji, amekuwa akimshauri kwa upole apumzike. Wakakubaliana: winchi hii ikitoka salama, mzee anaendelea na kazi. Isipotoka, anakabidhi funguo.

Fundi ana kanuni moja ambayo hajawahi kuivunja: kosa hutafutwa kuanzia ndani kwenda nje. Basi aliishusha winchi, akaifungua yote, akakagua gia, akanusa mota, na jioni ndipo alipofika kwenye nyaya na kuamua kwamba alizifunga kinyume. Akazigeuza. Akajicheka kidogo, akaweka betri kwenye chaji, akaenda kula.

Inafaa kumtaja hapa mjukuu wa fundi, msichana aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, mwenye adabu, mpole, na mwenye busara kuliko umri wake. Ndiye aliyemletea babu chai mara nne kwa siku bila kutumwa, na ndiye aliyejitolea kupangusa vifaa kila jioni, kimoja kimoja.

Jumanne asubuhi fundi alibonyeza VUTA. Winchi ikaachia.

"Si ulisema umezigeuza?" mpwa wake akauliza.

"Nilizigeuza."

"Labda ulizigeuza mara mbili, mjomba."

Aliyasema hayo polepole, kama mtu anayeweka kikombe mbele ya mgonjwa. Mjukuu mwenye busara alitoa maoni kwamba pengine winchi hii inatumia mkono wa kushoto, na wateja waliokuwa wakisubiri wakacheka. Hata babu alitabasamu. Kisha akaishusha tena, akaifungua tena, kuanzia ndani. Gia zile zile. Grisi ile ile, hadi viwikoni. Safari hii, alipomaliza kugeuza nyaya, alichukua chaki akaandika ukutani: NIMEGEUZA, JUMANNE, SAA KUMI NA MOJA.

Jumatano asubuhi winchi ikaachia.

Fundi alikwenda ukutani akayasoma maneno yale. Mwandiko ulikuwa wake. Aliyapitishia kidole, chaki ikamganda, na akasimama pale muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. Mpwa wake alizima mashine ya kuchomelea, akajifanya anatafuta kitu kwenye boksi la misumari. Hakuna aliyecheka. Mjukuu alijaribu tena ule mzaha wa mkono wa kushoto, ukaanguka chini kama spana.

Alhamisi fundi hakufungua chochote. Alikaa juu ya tairi, mikono magotini, akiiangalia winchi ilivyoning'inia. Saa sita mchana alinawa mikono kwa sabuni hadi ikawa myeupe, jambo ambalo hajawahi kulifanya kazi ikiwa haijaisha, akarudi nyumbani.

Akamwambia mkewe kwamba mikono bado ipo. Kichwa ndicho kimeanza kumwacha. Halafu akamwomba amsikilize. Akayataja majina ya watoto wao sita kwa mfuatano, na mwaka aliozaliwa kila mmoja. Hakukosea hata mmoja. Akayataja tena, mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaweka funguo za gereji mezani ili mpwa wake azichukue saa kumi, akajilaza kwenye kochi na kugeukia ukuta.

Hapa ndipo hadithi ilipopaswa kumalizika, kwa maneno mazito kuhusu uzee na jinsi vyuma navyo huchoka. Niliyaandaa, yalikuwa mazuri. Lakini bibi amekuja kuchungulia ninachoandika, ameushika mkono wangu, ameitazama gundi iliyo chini ya kucha zangu, na ameniambia nifute yale ya adabu na busara, kisha niiweke karatasi hii juu ya funguo kabla hujaamka.

Babu, kichwa chako ni kizima. Kila ulipogeuza nyaya, mimi niligeuza vibandiko.