Fomu Mbili Mezani

Kwa miaka tisa alivuta nyaya za mtandao kwenye dari za maofisi, huku waliosoma wakikaa chini kumwelekeza. Sasa mbele yake kulikuwa na fomu mbili za kozi za mitambo ya mtandao, za kusomea nyumbani. Moja ilikuwa ya wiki sita, cheti tu. Nyingine ya miezi kumi na minane, na vifaa vya mazoezi.

"Mama watoto, chukua hiyo fupi," mumewe alisema. "Wewe ni wa kupanda ngazi. Mitambo ina wenyewe."

Akamwinulia vidole vyake vilivyochanjwa na nyaya za shaba.

"Mwenyewe ndiyo mimi!"

Akaichana ile fupi. Kisha akachomoa kalamu mfukoni mwa mumewe, na kwenye ile ndefu akaandika jina alilopewa na baba yake.