Kabla Haujavuka Mstari

“Fauli!” mwamuzi aliita, mikono juu.

Mama Kirezi alisimama, akaangaza macho uwanjani. “Nani amemupiga mwenzake?”

Waliokaa karibu waliangua kicheko. Mumewe, Rugema, mwanajeshi mstaafu, hakucheka. Alimvuta kitenge akae.

“Hii si kandanda, mama, ni besiboli. Hakuna aliyepigwa. Fauli ni mpira uliotoka nje ya mstari. Hauhesabiki, mpigaji anarudia. Ukibaki ndani wanasema fea. Huo ni mpira halali, watu wanakimbia.”

“Bon. Mi nilizani watatoa kadi.”

Rugema alikulia Karagwe, mkewe Goma, na miaka yote ya ndoa kila mmoja aliona Kiswahili cha mwenzake kimepinda. Leo mzee hakuwa na hamu ya utani. Mlinzi wa kituo cha tatu, cha mwisho kabla ya mkimbiaji kurudi “nyumbani” alikoanzia, alikuwa binti yao Kirezi, nahodha wa wasichana wa Gisenyi. Nahodha wa timu itakayoshinda angepelekwa ng’ambo kusomea besiboli miaka minne. Rugema alishanunua sanduku la safari. Alipompa binti yake habari ile, Kirezi alijibu, “Ndiyo, baba,” kama alivyomjibu siku zote, na mzee akaenda kulala kwa furaha.

Timu zilikuwa sare. Ilibaki zamu ya mwisho ya kupiga, nayo ilikuwa ya wapinzani wao, Rubona. Wachezaji walipokuwa wakibadilishana nafasi, Mama Kirezi alianza tena maswali.

“Na mupira ikitembea tu chini, pembeni ya mustari?”

“Unasubiriwa. Uwanja huu umeinamia ziwani, mara nyingi unatoka wenyewe. Kirezi anajua: usiuguse, uache utoke, iwe fauli.”

“Na akiigusa mbele itoke, ingali ndani?”

“Hapo unakuwa halali palepale, hata kama miguu ya mchezaji iko nje. Hawatazami miguu, wanatazama mpira ulikuwa wapi ulipoguswa.” Rugema alimgeukia mkewe, akakaribia kutabasamu. Miezi yote hii mwanamke huyu hakutaka hata kusikia mchezo huu wala safari vikitajwa. “Leo umeamua kujifunza?”

“Ni mutoto yangu, Baba Kirezi.”

Alichukua chupa ya maji, akashuka hadi kwenye benchi la wasichana. Alimfuta binti yake jasho, akamnong’oneza jambo. Rugema alidhani anamwombea, akaona haya kwamba yeye hajaomba.

Mchezo ukaendelea. Rubona walitolewa mmoja, kisha wa pili, na wa tatu angemaliza zamu yao, lakini mkimbiaji wao mwingine alikuwa ameshafika kituo cha tatu. Akirudi nyumbani tu, wamepata pointi na mechi imekwisha. Belise, nahodha wao, akashika gongo huku akijiuma midomo. Huyu naye aliitaka safari ile kufa na kupona.

Alipiga vibaya. Mpira ulianguka karibu na miguu yake, ukabingirika polepole kuelekea kwa Kirezi, sambamba na mstari wa chokaa. Belise alikwisha kutimua mbio na hakuna mkono ambao ungemuwahi. Mkimbiaji wa kituo cha tatu naye alishachomoka. Gisenyi walibaki na tumaini moja tu, mpira utoke nje.

“Iache!” kocha Valens alipaza sauti. “Kirezi, iache, iko inatoka!”

Kweli ulikuwa unatoka. Ulibakiza upana wa kiganja. Kirezi alisimama nje ya mstari, ameuinamia, mikono magotini. Kisha msichana alinyoosha mkono ndani ya mstari, akauokota.

Mwamuzi alionyesha kidole ndani ya uwanja. Fea. Mkimbiaji akapita nyumbani, na Rubona wakarukiana shingoni.

“Miguu yake ilikuwa nje!” Rugema alikuwa tayari uwanjani, akimfokea mwamuzi. “Wewe huoni? Miguu yake yote ilikuwa nje!” Sheria aliijua vizuri kuliko wote pale, lakini uchungu wa kupoteza ulimzidi.

Kirezi alipiga magoti, uso ndani ya glavu, mabega yakimtikisika. Valens alimpigapiga mgongoni. “Pole, mutoto. Ni presha tu. Hata wakubwa wanasahau.” Wenzake walimzunguka, wengine wakilia pamoja naye.

Mama Kirezi alipenya katikati yao, akachuchumaa, akamfunika binti yake kwa kitenge, vichwa vyao viwili ndani.

“Mama,” Kirezi alinong’ona, macho makavu, “nimeigusa muzuri?”

“Muzuri sana. Sasa lia tena kidogo, baba yako iko anatuangalia.”