Neno Lililobaki Mdomoni

Siku hizi watu hawasemi pole ovyo. Kidude walichopachikwa wote nyuma ya sikio hakipambanui huruma na mazoea: ukimwambia mtu pole, maumivu yake yanahamia kwako mpaka kesho yake.

Rukia, binti wa miaka kumi na sita mwenye ugonjwa wa selimundu, alikuwa amejikunja kwenye mkeka jikoni, mifupa ya miguu ikimuuma kama inasagwa. Mama yake, Bi Hanuna, alikuwa akikaanga maandazi, amempa mgongo. Zamani Bi Hanuna alilisema neno hilo kila maumivu yalipompanda mwanawe, kisha akaenda kulala yeye, akiuma shuka. Mwaka jana akaacha. Hakutoa sababu, na Rukia hakumuuliza.

"Nikutilie uji, mwanangu?"

"Sitaki, mama."

"Maji ya moto je, nikukande?"

Kila kitu alimpa, isipokuwa lile neno.

Mara mafuta yakaruka, yakamuunguza Bi Hanuna mkono mzima. Akaguta. Rukia hakuwahi hata kufikiri. Ulimi wake ulikuwa umelelewa vizuri.

"Pole, mama."

Hapo hapo mkono wa Rukia ukawaka moto, na miguu haikuacha kuuma. Bi Hanuna akautazama mkono wake mwekundu, akakunja vidole, akavikunjua. Akamgeukia binti yake, akafumbua mdomo. Rukia akangoja.

"Nimeshapoa," mama akasema, akarudi kugeuza maandazi.