Macho ya Jikoni

Sheria ni hii: anayetazama video yako dakika kumi, naye hupewa dakika kumi za kutazama nyumba yako. Mjukuu wangu Somoe ana mwaka wa pili anaonyesha watu namna ya kutengeneza simu, na kapata watazamaji arobaini na mmoja. Wote wanachungulia jikoni kwangu kupitia jicho la kamera ukutani, na wana midomo hao!

"Bibi, kitunguu kinaungua!"

"Bibi, kanga hiyo imetoboka."

Juzi nikachoka. Nikachukua kitambaa nilifunike lile jicho la ukutani, ingawa najua ukilifunika, watazamaji wote wanafutwa.

Mtazamaji mmoja, mama wa Songea, akasema taratibu, "Shikamoo bibi. Mchuzi huo umeutia chumvi mara tatu. Jana ulitia mara nne."

Nikaonja: chumvi tupu. Nikakiweka kitambaa, nikaketi.

"Msimwambie Somoe," nikawaomba. "Ataacha kazi yake anilinde mimi."

Jioni Somoe akaingia anarukaruka. "Bibi, wameongezeka mia mbili! Umewafanyia nini?"

"Sijui, mwanangu."

Tangu siku hiyo hakuna anayenikosoa. Wananitazama tu, kimya, na kila siku wanaongezeka.