Kimya, Unga Unaumuka

"Vua mabuti," Stepanida alimwambia mwanawe kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Panda juu ya jiko ulale. Ukishuka kabla sijakuambia, Pasaka hii utakula mkate mgumu kama jiwe."

Yefim alikuwa ametoka bafuni sasa hivi, mwekundu, mvuke bado unamtoka kichwani. Mwanamume mzima, anaogopwa mpaka ng'ambo ya mto, lakini akacheka, akavua, akapanda juu ya jiko kubwa la matofali, lenye nafasi ya kulala juu yake, miguu mitupu kama alivyofanya tangu utotoni. Mama yake akayabeba mabuti akayapeleka bandani.

Kwetu Alhamisi ya Usafi, siku tatu kabla ya Pasaka, haina mzaha. Watu wanaoga kabla jua halijatoka, sakafu inasuguliwa mpaka inang'aa, halafu unakandwa unga wa kulichi, ule mkate mrefu wa Pasaka. Unga huo una deko. Mlango ukibamizwa, unanywea. Mtu akigombana na mkewe, unanywea. Kijiji kizima kilikuwa kimya asubuhi ile, ila Taisia, mke wa Yefim, aliona kimya cha nyumba yao ni kifungo.

Maana leo lori la maziwa liendalo mjini lilikuwa linapita kwa mara ya mwisho. Barafu ya mto ilishaanza kupasuka. Kesho maji yangepanda juu ya daraja, na barabara isingepitika tena mpaka Mei. Dada yake alikuwa huko mjini, Kotlas, amemtandikia kitanda. Na Taisia hakuwa na viatu.

Yefim alikuwa ameyafungia mabuti ya mkewe sandukuni tangu Maslenitsa, wiki ya kuaga baridi. Watu wako uwanjani wanakula chapati za maji na siagi, yeye akampiga mkewe mbele yao kwa sababu alicheka na muuza asali. Taisia akatoka mbio na soksi tu. Alifika msituni, theluji ikamshinda, akarudishwa anavutwa nywele. Tangu hapo ufunguo wa sanduku ulining'inia shingoni mwa Yefim kando ya msalaba, na alikuwa hauvui ila akienda kuoga.

Stepanida ndiye aliyempaka mafuta ya bata bukini kwenye miguu iliyoungua kwa theluji. "Mjinga gani huyu anatoroka na soksi," alisema, huku akisugua kwa nguvu. Taisia hakumsamehe neno lile.

"Wewe kaa hapa," mama mkwe alimwambia sasa, akimwonyesha kigoda kando ya pipa la kukandia, lililofunikwa shuka nene na kusogezwa karibu na jiko. "Ulinde. Usifunue, na usinyanyuke mpaka niseme."

"Ndiyo, mama."

Taisia hakuwa ameuona unga ukikandwa. Wakati ule alikuwa anateka maji kisimani, na bibi kizee alikuwa peke yake tangu alfajiri: achukue nguo chafu za mwanawe bafuni, arudi tena kumpelekea safi, akande, afunike. Kapu la mayai lilikuwa bado limejaa pomoni dirishani. Mwaka huu ametubania, Taisia akawaza. Kulichi ya watu inamaliza kapu zima.

Stepanida akachukua unyoya, akauchovya mafuta, akaanza kupaka bawaba za mlango. "Na wewe usije ukalia," aliuambia mlango. Kisha akatandika mazulia ya vitambaa kutoka kwenye kigoda mpaka kizingitini. Taisia akamtazama kwa chuki. Katika kimya kama kile, hata mate yakimezwa yangesikika juu ya jiko.

"Mama," Yefim akanong'ona kutoka juu, "nishuke ninywe maji?"

"Shuka uone."

"Na mke wangu?"

"Yuko kwenye pipa. Ataenda wapi na miguu mitupu?"

Yefim akacheka kwa raha, akajigeuza. Ufunguo uligonga matofali, ukatulia.

Ndipo Taisia akaisikia injini. Ilikuwa mbali, nyuma ya msitu, inanguruma kwenye matope. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Mama, niache nichungulie tu dirishani."

"Kaa."

Stepanida akainama karibu yake. Pumzi yake ilinuka kitunguu. "Nililetwa nyumba hii nikiwa msichana," alisema polepole. "Pasaka yangu ya kwanza niliketi kwenye kigoda hicho hicho. Nikalisikia gari la farasi la baba yangu linapita nje. Sikunyanyuka."

Hakuwa na huruma usoni, wala haya. Taisia akaangalia miguu yake mwenyewe, yenye makovu ya theluji, akajua kwamba na yeye atazeekea hapo, analinda unga wa watu.

Injini ilikuwa imefika kilimani. Juu ya jiko, joto na bafu vikamzidi Yefim, akaanza kukoroma. Stepanida akasimama, akasikiliza ule mkoromo kwa makini.

"Sasa funua," akanong'ona.

Taisia akainua shuka. Ndani ya pipa hamkuwa na unga. Yalikuwamo mabuti yake yale ya sandukuni, yamepakwa mafuta, yana joto la jiko, na soksi za sufu zimesokomezwa ndani.

Mkoromo ukakatika. "Mama," sauti nzito ya usingizi ikauliza, "umeumuka?"

"Umeumuka vizuri, mwanangu," Stepanida alisema, akiwa amemshikia Taisia mlango kwa mikono miwili usije ukabamizwa na upepo. "Wewe lala."